Hema la Harusi la Uulkan

Kijijini kwa Uulkan, chini ya milima ya Naryn, marehemu hulazwa ndani ya hema la sufu, hata kama aliishi miaka hamsini kwenye nyumba ya matofali. Asiye na hema huazima, na zamani wenye mahema walitaka kwanza walipwe kondoo.

Akina mama walipoanzisha klabu yao ya kuhudumia misiba, kila mmoja alitoa alichojaliwa: huyu sufuria kubwa, yule mablanketi, mwingine nguvu zake za kupika. Uulkan, mjane aliyekamua ng'ombe wa shamba la ushirika hadi vidole vikapinda, alitoa hema lake la harusi. Sufu ya hema hilo mama yake aliishindilia kwa mikono miaka mitatu. Mwanawe Ermek alinuna, akasema watalii wangelilipia vizuri.

"Mama, unagawa urithi wetu?"

"Sijagawa, hema nimelitafutia kazi. Njoo ushike kamba."

Tangu hapo hema halikusimamishwa pasipo yeye. Akiwa na miaka sabini na miwili bado alipanda juu ya kigoda kukagua mafundo, na fundo lililofungwa ovyo alilifungua mbele za watu akalifunga upya.

Jirani yake Satarkul aliwaita klabu ya vibibi wasio na kazi. Aliwahi pia kuyageuza maji ya mfereji yasifike shambani kwa Uulkan, na kwa miaka kumi hawakupeana hata salamu. Majira ya baridi Satarkul akafariki. Mkewe, Kenje, akajifungia ndani kwa aibu, asitume mtu kuomba chochote. Asubuhi Burul, mwenyekiti wa klabu, akashauri wasubiri waitwe.

"Maiti haombi, Burul," Uulkan akasema, akaenda kumfunga farasi kwenye mkokoteni.

Kenje alitoka akawakuta uani, theluji ikiwafika magotini.

"Dada, mimi sikutuma mtu kwako."

"Najua. Shika hapo, upepo unakuja."

Hema liliposimama, wanawake wakaketi kuomboleza, na desturi ni kumsifu marehemu kwa wimbo. Zamu ya Uulkan ilipofika, wote wakamgeukia, maana hakuna aliyejua angesema nini. Akaimba kwamba farasi wa Satarkul hawakulala na kiu hata siku moja, na kwamba alipokuwa kijana alivuka mto uliofurika akimbeba mwana-punda wa mtu mwingine. Ni yeye tu aliyekuwa anakikumbuka kisa hicho. Kenje akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Arobaini ilipopita, Kenje alikuja klabuni na kipande cha sufu nyeupe, akaomba azibe tundu kwenye paa la hema. Alipokuwa akishona, Uulkan aliukagua mshono wake.

"Mishono mirefu hiyo. Mvua itapita hapo."

Kenje akafumua, akaanza tena, na Uulkan akamsogezea chai.