Mbuzi Zirudi Zilikotoka

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia mara mbili asubuhi moja, ile ya pili nitajiuliza unataka nini. Wanasema nimemrithi nyanya, mama yake baba, ambaye pia nimepewa jina lake. Ndiyo maana baba aliniita "mama" tangu nikiwa mchanga. Lakini mwaka ule nilipomaliza darasa la saba, miaka ya sabini ikianza, nilikuwa na sababu za kushuku, tena za kutosha.

Tulikaa karibu na Mbumbuni. Baba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja isiyopindwa: jioni, tukishakula, kila mtoto aombe kwa sauti na kwa maneno yake mwenyewe. Kukariri alikataa. Alisema sala ya kuazima ni kama kiatu cha kuazima, utafika nacho lakini utachechemea. Ndugu yangu mdogo aliwaombea kuku wake kila siku, na baba akaitikia amina bila kucheka. Yeye aliomba kwa Kiswahili, kwa sababu aliokoka akifanya kazi mbali na kwetu, na Biblia yake ilikuwa ya Kiswahili.

Mtihani nilipita, lakini hakuna shule iliyoniita. Wenzangu wakaenda, mimi nikabaki na jembe. Rafiki yangu tuliyeketi dawati moja naye hakuitwa, na kabla mahindi hayajakauka alikuwa ameozwa kwa mtu mwenye meno ya kuhesabu. Baba yake pia alikuwa mzee wa kanisa, tena ndiye aliyeanzisha nyimbo. Tangu hapo nikawa nawaangalia wazee wa kanisa kwa jicho la pembeni, wa kwetu akiwa wa kwanza.

Ndipo akaanza kuja mgeni, mzee wa kutoka pande za Mlima Kenya aliyefanya biashara ya mbuzi kule Kiboko, kwenye barabara ya Mombasa. Alikuwa mlokole wa kucheka sana. Yeye na baba walikuwa wakikaa nyuma ya ghala, na mimi nikipita wananyamaza. Halafu nikamkuta mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, akilisugua lile sanduku la bati aliloolewa nalo. Kando yake alikuwa ameanika blanketi mpya. Nilipouliza ni ya nani, akaniambia nikachote maji. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nilikuwa nayaona.

Nikaenda kuchota. Lakini nilirudi kwa njia ya nyuma, nikatua debe karibu na ghala kama mtu aliyechoka, na nikamsikia mgeni akisema wazi kabisa, "Mzee, mahari ya msichana imepatikana."

Baba yangu mzazi akajibu, "Bwana asifiwe."

Nikajitwika debe langu nikaondoka. Siku ya soko yule mzee akatoka Mbumbuni na mbuzi, akawaacha kwenye zizi letu. Walikuwa watatu. Msichana wa Kikamba hahitaji kuelezwa maana ya mbuzi watatu wageni katika zizi la baba yake. Hiyo ni ntheo, hatua ya kwanza ya posa. Wakishapokelewa, wewe ni mke wa watu.

Jioni hiyo baba aliomba kwa furaha iliyonichoma. Alimshukuru Mungu kwa "mahali ya msichana wetu". Sasa, baba, kama Wakamba wengi wa rika lake, ra ilimshinda. Hata Roho Mtakatifu kwake alikuwa Loho. Kwa hivyo aliposema mahali nilimsahihisha kimoyomoyo: mahari. Nilimkasirikia, na Mungu nikamkasirikia zaidi, maana ilionekana wameshakubaliana wawili hao bila mimi. Zamu yangu ikafika. Sheria ilikuwa maneno yako mwenyewe, basi nikayatoa.

"Mungu, kama uko, hizo mbuzi zirudi zilikotoka. Na baba asiseme amina, hii ni yangu peke yangu."

Ndugu yangu alifungua macho yote mawili. Nilingoja kofi. Baba akaniuliza polepole mbuzi wamenikosea nini, nami nikamwaga yote, mahari, sanduku, blanketi, mpaka meno ya mume wa rafiki yangu. Mwaitu akacheka hadi akajifunika leso usoni. Baba hakucheka. Alieleza kwamba watu wa kwao mgeni hugeuza la ikawa ra, na kwamba alichosema ni mahali, nafasi katika shule ya bweni ya wasichana huko Kitui, alikofundisha dada yake huyo mgeni. Mbuzi walikuwa wa biashara, wakingoja lori. Hakuniambia mapema kwa sababu hakutaka nilie mara mbili, nafasi hiyo ikipotea. Haki, kama yule mzee angesema pamepatikana, kama vitabuni, ningemwelewa. Lakini huku kwetu bara, nani husema pamepatikana?

"Mama," baba akasema, "ulifikiri naweza kukutoa bila kukuuliza?"

"Ndiyo," nikajibu.

Aliinama akaangalia mikono yake. Jibu langu lilimuuma, niliona. Amina hakusema, nilikuwa nimemkataza, naye akatii. Kuanzia kesho yake aliomba kwa Kikamba, ili kila mtu asikie anaombewa nini. Hata hivyo sikuamini kitu mpaka nilipoliona geti la shule kwa macho yangu.

Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa mwalimu, ntheo ya kweli ilikuja. Wazee wa upande wa mchumba wangu walikaa uani, mbuzi watatu wamefungwa mbele yao, wote wakingoja neno la baba. Baba alikuwa ameanza kuzeeka. Hakuwajibu. Aligeuka akaniita mbele ya watu wote, akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho alikuwa hajaombea nyumbani tangu ile jioni.

"Mama, hizi mbuzi tuzipokee, ama zirudi zilikotoka?"

Wageni wakatazamana, hawakuelewa. Sala ile nilidhani imesahaulika, kumbe alikuwa ameitunza muda wote huo.

"Zibaki, baba," nikasema.

Akavua kofia, akasema amina, ile niliyomnyima.