Zaburi Aliyoianzia Katikati

Mapema mwaka ule, vita vilipofika Bukavu, shule zilifungwa kwa majuma mengi na watoto wangu watatu wakabaki nyumbani mchana kutwa. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko karibu na dirisha, nyumba yetu iko juu kwenye mteremko wa Kadutu, na siku zile wateja hawakuwa wakipanda ngazi zetu za udongo. Niliogopa watoto wasije wakakaa bure hadi vichwa vikalala. Nikachukua Biblia nikawaambia kwamba kila mmoja atashika zaburi ya mchungaji kwa kichwa, kisha wataisema mbele ya watu wa shirika letu, yaani jirani zetu tunaosali nao kila juma.

Mkubwa, wa miaka kumi na mbili, aliimaliza kwa siku tatu. Mdogo, wa miaka mitano, alirudia kila neno nililosema bila kujua mwanzo wala mwisho, na sote tukamcheka kwa upendo. Yule wa katikati, msichana wa miaka minane, ndiye aliyenishinda. Si mtoto mzito wa akili. Kutoka shuleni alikuwa akileta kaye, yaani madaftari yake, zenye alama nzuri. Lakini kwenye zaburi alikwama mahali pale pale kila asubuhi, mstari wa kwanza kabisa, kwenye lile neno la kutopungukiwa na kitu. Anafika hapo, anatazama chini, ananyamaza.

Nilimrudisha mara kumi, mara ishirini. Nilimsimamisha karibu na mlango wakati wenzake wanacheza. Siku moja nilimwambia hatakula mpaka aseme, na kweli alikula wa mwisho, bukari, ugali wetu, ikiwa imepoa, bila kulia na bila kusema ule mstari. Nilidhani ni kichwa kigumu.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka Kalehe. Hakusoma, lakini anapenda kusikiliza watoto wakisoma. Mchana mmoja alikaa mlangoni na yule msichana, wanachambua maharagwe kwenye sinia, mimi nikipindua shingo ya blauzi. Nikamsikia mtoto akiuliza kwa sauti ndogo.

"Koko, kupungukiwa inataka kusema nini?"

Nyanya yake akamwambia ni kukosa kitu unachohitaji. Mtoto akaendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe kwa muda, kisha akasema:

"Maman alisema bunga inaisha. Na papa haiko na kazi. Sasa nikisema ile mbele ya batu, si nitakuwa ninadanganya?"

Nilisubiri mama mkwe amkemee, au amweleze mambo ya Mungu kama wazee wanavyojua kueleza. Hakufanya hivyo. Alisema tu, "Ni kweli, mutoto wangu, tunapungukiwa," akapepeta sinia, maganda yakaruka.

Niliacha kushona. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba kudanganya kanisani ni dhambi mara mbili. Na mimi ndiye niliyemnyima chakula kwa sababu alikataa kudanganya.

Mume wangu alikuwa dereva, akibeba wasafiri kati ya mji na uwanja wa ndege wa Kavumu. Ndege ziliposimama, kazi yake nayo ilisimama, na tangu hapo alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache. Nilimkuta nyuma ya nyumba nikamsimulia. Nilitazamia atacheka. Badala yake aliniambia kwamba hata yeye, zaburi ile ikisomwa kanisani, amekuwa akifunga mdomo kwenye mstari ule, na hakuna aliyemwona.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilimwita binti yangu nikamwomba msamaha. Alishangaa kidogo, nadhani hakuwa amewahi kusikia mtu mzima akifanya hivyo. Nikampa Biblia aitafute mwenyewe sehemu anayoweza kuisema kwa kweli. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, akasimama kwenye ule wa bonde lenye giza.

Nilimkumbusha kwamba mstari ule unasema hataogopa, na siku ya risasi alikuwa ametetemeka chini ya meza, mkono wake umeshika kikwembe, kile kitenge cha koko. Alifikiri.

"Nilishaogopa, maman. Lakini hapa haisemi sikuogopa. Inasema sitaogopa. Ni ya mbele."

Alianza hapo, na kufikia kesho yake mchana alikuwa ameshika zaburi hadi mwisho.

Siku ya shirika tulikusanyika kwa jirani, watu kama ishirini kwenye viti vya kuazima. Mkubwa wangu alisema zaburi yote bila kupumua. Mdogo alisema aliyoyasema. Kisha msichana akasimama, akaanzia bondeni. Maman anayesimamia watoto alimkatiza kwa upole akamwambia arudi mwanzo, amesahau. Mtoto akanitazama. Nikasimama, ingawa si mtu wa kusema mbele ya watu, nikaeleza kwamba hakusahau, na kwamba mimi mama yake nimemruhusu aanze pale anapoweza. Wengine walitazamana. Mzee mmoja akasema mwacheni mtoto. Binti yangu akaendelea, sauti yake ndogo, lakini kila neno lilisikika.

Tulipokuwa tukirudi, mume wangu alinishika mkono kwenye ngazi zinazoteleza akasema kwamba kumbe hata ile "sitapungukiwa" ni ya mbele. Wiki iliyofuata alikwenda kuomba kazi ya kupakua sambaza, dagaa wa ziwani, na mizigo mingine bandarini, na zaburi ile iliposomwa tena kanisani nilimsikia upande wangu wa kushoto, chini chini, akiisema.

Shule zilifunguliwa, lakini desturi imebaki. Sasa hatushiki mstari wowote kabla hatujaulizana maneno yake yanataka kusema nini, na kwa hiyo tunakwenda polepole mno. Mkubwa analalamika kwamba rafiki zake wana mistari arobaini na yeye ana tisa. Juma hili tuko kwenye maneno ya kumpenda adui. Binti yangu ameuliza kama adui anajua kwamba anapendwa, au anapendwa tu bila kujua. Baba yake ameshindwa, koko ameshindwa. Nimeliandika swali nyuma ya kaye yake, nitampelekea padri Jumapili.