Foto Yenye Kaka Alisikia

Masomo niliacha wakati mwalimu alikuwa bado anafuta ubao. Herufi nilijifunza kwa kupaka bibao ya maduka, na nilikuwa nazipaka muzuri mupaka mbuzi za Kitshanga zilikuwa zinasimama kusoma. Njo sababu Papa mumoja, muzee wa Butembo, mwenye pale cyber ya internet na pikipiki za kubeba bantu, aliniita.

"Weye unajua kuandika yenye bantu banaona. Nitengenezee ukurasa ya internet. Bale balikimbia vita bajue kama njia ya Pinga iko wazi ao imefungwa."

"Papa, mimi masini ya kompyuta sijagusa hata moja."

"Si unajua kupaka? Ni ile ile."

Alikuwa na programu yenye haiombi ujue kode, ile luga ya masini. Unakamata kitu na souris, kale kapanya ya masini, unakokota, unaachia, inabakia pale. Nilikokota mupaka souris ikakonda.

Kisha vita ikapanda Kitshanga. Papa akarudia Butembo kwa bibi na batoto, akaniachia ufunguo. "Chunga masini. Na ukurasa isilale." Majirani nao bakaenda. Nikabakia mimi na sahani ya internet juu ya mabati. Asubuhi nilikuwa nasalimia masini. Ikikawia kuwaka, naiuliza kama imelala muzuri.

Mimi pia ningekimbia, lakini nilikuwa na kaka. Mukubwa yangu, kipofu tangu surua ya utoto. Bantu bakikimbia vita balimubeba mupaka Goma, akakaa mu nyumba moja ya bipofu, kwenye masini inasoma kwa sauti. Alikuwa anataka kitu moja tu: kurudia kwetu Bihambwe, kwa nyumba ya baba. Aliniambia kwa simu: "Ukurasa yako nitaisikiliza kila siku. Siku utasema kwetu iko muzuri, napanda pikipiki."

Basi nikafanya ukurasa yenye dunia ilikuwa haijaona. Nikapaka kibao kubwa, herufi nyekundu na kivuli ya njano, nikaipiga foto, nikaiweka. Habari mupya, kibao mupya. Kaka akapiga simu.

"Mudogo, umeandika nini?"

"Habari ya njia yote, Kaka! Herufi kama nyumba!"

"Masini inaniambia tu: image. Image. Image. Kisha inanyamaza. Umenifungia inje."

Nilicheka, lakini mu ile chumba hakukuwa muntu wa kunisaidia kucheka.

Programu ilikuwa na butoni ya kuchunguza. Mimi nilifikiri ni ya kuzima, sikuigusa. Sasa nikabonyeza. Alama nyekundu za makosa zikamwagika kama pilipili kwa soko! Nikazifuata moja moja. Maneno iwe maneno ya kweli, si foto ya maneno. Kichwa ya habari usiinenepeshe tu, ambia programu kama hii njo kichwa, kusudi kipofu aruke toka kichwa moja mupaka ingine bila kusikiliza yote. Kwa maneno ya kubonyeza usiandike "hapa", andika kwenye inapeleka: "Njia ya Pinga". Na kila foto iko na kasanduku yake: andika yenye foto inaonyesha, masini itaisoma.

Ile kasanduku njo ilikuwa shamba yangu! Foto ya ngombe nikaandika: "Ngombe ya Masisi. Maziwa yake inajaza ziwa, pembe zake zinakwaruza ndege." Ya pikipiki: "Bantu batano, mbuzi mbili na godoro. Dereva iko chini, tunamutafuta."

Kaka alipiga simu anacheka mupaka anakohoa. "Masini inasoma Kiswahili kama padri muzungu mwenye mafua. Lakini ni weye kabisa! Sasa niletee foto ya kwetu. Nionyeshe nyumba."

Njia ya Bihambwe ikafunguka kidogo, nikaenda. Nikapanda kilima. Nyumba haikukuwa. Kwenye ilikuwa, majani ilifika kiuno. Ningesema ilifika mawingu, lakini ilikuwa kiuno. Nikapiga foto, nikarudia Kitshanga.

Nikaikokota mu ukurasa, nikaandika mu kasanduku: "Nyumba ya baba. Mabati inangaa mupaka bantu ya Goma banafunga macho." Nikabonyeza ya kuchunguza. Kijani. Kila kitu iko sawa! Kumbe programu inaangalia tu kama kasanduku haiko wazi. Yenye uko unasema ndani haiijui.

Nikaangalia ile kijani wakati murefu. Angeamini. Angepanda pikipiki na fimbo yake, angekuja kupapasa mulango mu majani. Nikafuta yote. Nikaandika: "Kilima ya kwetu. Nyumba haiko. Majani inafika kiuno. Mawe ya musingi inaonekana. Hakuna muntu."

Kesho yake simu ikalia.

"Leo haukuongeza chumvi," kaka akasema.

"Hapana, Kaka."

"Na muti ya avoka ya mama?"

"Balikata."



"Andika na ile," akasema. Akakata.

Nikafungua kasanduku, nikaiongeza. Tangu pale kaka alikuwa ananiuliza njia ya Pinga, mvua, bei ya maharagi. Siku ya kurudia hakuniuliza tena.