Gololi ya Fundi Mutuma

Juzi fundi aliyekuja kuniwekea sakafu ya mbao aliachilia gololi chini aone itaelekea wapi, nami nikashtuka.

Nilikuwa mtoto, kwetu Chechelesi, Fundi Mutuma alipokuja kutusawazishia sakafu ya sebule kabla ya kupigilia mbao. Nyumba ilinuka simiti. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevunja thamosi ya chai ya wageni nikaificha kwenye gunia la makaa; mama alipoona vipande vilivyobaki sakafuni, alidhani ni paka wa jirani.

"Gololi haidanganyangi mtu, Mama Kendi," fundi alimwambia mama, akaiachilia.

Ikabingirika polepole, krrr, hadi miguuni pangu. Nikahamia mlangoni. Akaiachilia tena; ikanifuata huko huko.

"Ni mimi!" nikalia. "Iko kwa makaa!"

"Wewe Kendi! Na vile nimefukuza paka ya watu!" mama akasema.

Fundi alichora duara la chaki nilipokuwa nimesimama. "Mimi nilikuwa natafuta bonde tu."

Sakafu ilikuwa na mabonde mawili, nami nilisimama kwenye yote mawili. Hilo nalijua sasa. Nimesoma hadi chuo kikuu. Lakini juzi, gololi ilipoanza kubingirika, nilitoka nikasubiri nje.