Nilijifanya Sina Haraka, Skrini Ikiwa Nyeusi

Kosa ni langu. Nalisema mapema nisije nikaanza kulipunguza, maana kupunguza ndiyo tabia yangu. Mimi ni mwanamke wa Mji wa Kale hapa Mombasa, nachora leso kwenye kompyuta kisha napeleka mchoro kiwandani ukachapishwe. Jina langu liacheni. Wanaonijua watanijua kwa chenji: naihesabu mara mbili, halafu namrudishia muuzaji naye aihesabu.

Kompyuta yangu inatumia Linux. Msidhani ni usomi. Niliambiwa ni mfumo wa bure, nikauliza, "Bure kabisa?", nikauliza tena, nikachukua. Aliyenitilia ni shoga yangu Wakesho, Mtaita, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Hakunitoza kitu. Malipo yetu ni haya: akitaka leso, naenda naye Biashara Street nikamsemee bei, kwa sababu akiuliza mwenyewe lafudhi yake inampandishia.

Huko amenishuhudia kazini. Leso ninayoitaka siitazami. Naulizia nyingine, naitia ila rangi yake, naangalia saa, naondoka. Sijafika mbali naitwa. Siku zote naitwa.

Sasa sikilizeni nilivyojimaliza.

Bi Zuhura, jirani yangu, alikuwa akimwoza mjukuu wake. Akataka leso za sare kwa wanawake wote wa nyumba yao, na yale maneno yanayoandikwa kwenye leso ayatunge mwenyewe. Alishinda sebuleni kwangu akiyatunga na kuyavunja na kuyatunga upya. Kusoma na kuandika hajui, kwa hivyo yeye alisema, mimi nikayatia moja kwa moja kwenye mchoro. Aliporidhika alijipangusa macho kwa upindo wa buibui. "Mwanangu," akaniambia, "dhahabu ya kumpa sina. Nampa haya."

Kiwanda kilitaka mchoro Alhamisi kabla ya adhuhuri. Jumatatu kazi ilikuwa imebaki rangi ya pindo tu. Hapo kompyuta ikanitolea ujumbe: kuna toleo jipya la mfumo, bure. Mwenye akili angesema kazi kwanza. Mimi nikiona neno bure, mkono hutangulia. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza swali jingine, nikabonyeza ndiyo bila kulisoma. Mimi huyu huyu wa chenji.

Ilipojiwasha upya ilionyesha nembo yake, kisha skrini ikawa nyeusi tii, na kistari kimoja juu pembeni kinapepesa. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya wa skrini, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikaazima waya wa jirani. Nikapangusa vumbi ambalo halijapanguswa tangu niinunue. Kistari kile kile. Nikakisemesha maneno ambayo gazetini hayaandikiki.

Nikampigia Wakesho, na ungamo lenyewe liko hapa.

Moyo ulisema: mwambie unakufa, aje. Ulimi ukakumbuka Biashara Street: ukionyesha shida, bei inapanda. Bei gani, yakhe? Mtu hajawahi kunitoza hata nauli. Lakini ulimi ulishazoea.

"Sabalkheri, Wakesho. Huko bandarini mizigo yatoka?"

"Yatoka. Wewe je?"

"Mimi mzima. Kuna hiki kijikompyuta, kimefanya uvivu kidogo baada ya kukisasisha. Si kitu. Ukipita njia hii siku moja utakitazama."

"Una kazi ya haraka? Maana kesho naenda Wundanyi kumwona mama, narudi Ijumaa. Kama ni haraka, nipite leo nikitoka kazini."

Nikaangalia saa, kana kwamba ananiona.

"Aa, haraka ya nini. Nenda zako. Hata fundi mwingine ninaye."

Nikakata simu, nikakaa kungoja kuitwa.

Fundi mwingine sikuwa naye. Jumanne Wakesho hakupiga. Jumatano Bi Zuhura alisimama dirishani kuuliza maneno yake yamekaaje. Nikamjibu, "Yametulia, namalizia rangi." Simu ilikuwa mkononi mwangu wakati huo. Lakini aliyeondoka dukani akirudi mwenyewe, amekubali bei yote. Sikurudi.

Alhamisi adhuhuri ikapita. Kiwanda kikaingiza kazi ya mtu mwingine. Nikaenda kwa Bi Zuhura nikamwambia mashine imenitupa. Mashine, nilisema. Wanawake wa nyumba yao wakaenda kununua leso zilizokwisha kuchapishwa.

Ijumaa Wakesho akaja na mfuko wa maparachichi. Akaiwasha kompyuta huku amekibana kitufe kimoja, ikatokea orodha ambayo sijapata kuiona.

"Ukisasisha, kile kiini cha zamani, yaani moyo wa mfumo, hakitupwi," akasema. "Kinakaa hapa kwa siku kama hii. Kipya hakijaelewana na kadi yako ya picha."

Akachagua kile cha zamani. Skrini ikafunguka. Mchoro upo, pindo limetiwa rangi nusu, maneno ya Bi Zuhura yako pale pale. Akaitilia upya programu ya kadi ya picha, akawasha tena, na toleo jipya likafanya kazi. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

"Kumbe ungeweza kunielekeza kwa simu?"

"Hata nikiwa ndani ya basi. Si ulisema una fundi?"

"Wakesho, wanijua. Umeniona dukani."

"Dukani nimekuona," akasema. "Sikujua kwamba na mimi ni duka."

Harusini nami niligawiwa leso. Bi Zuhura aliipapasa ya kwake pale penye maandishi, akaniuliza pameandikwaje. Nikamsomea. Yalikuwa maneno mazuri, ya mtu mwingine. "Mazuri," akasema, akaikunja. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kupunguzia.

Basi ndugu zangu, msisasishe mfumo kazi ya watu ikiwa mezani. Nakilini kazi zenu mahali pengine kwanza. Mchoro wa Bi Zuhura sasa ninao mara mbili, sehemu mbili. Skrini ikiwa nyeusi, iteni ile orodha wakati wa kuwasha, mchague kiini cha zamani. Na mkipiga simu kuomba msaada, ombeni.

Juzi ujumbe wa toleo jipya ulikuja tena. Sikubonyeza. Nikampigia Wakesho. "Nina shida, nina haraka, nakuomba uje."

"Leo nina mteja mwingine," akasema, akakata.

Nikaitazama simu. Haikuchukua muda, ikalia: Wakesho.