Debe Lililopakwa Chokaa

Harufu ya chokaa mbichi hunitia hasira mpaka leo. Najua kwa wengine ni harufu ya Krismasi, ya nyumba kupakwa upya na watoto kukatazwa kuegemea ukuta. Mimi nikiisikia navuka barabara. Katika miji hii ya chini ya Mlima Kenya, mgeni mkubwa akitangazwa, kitu chochote kisichoweza kukimbia hupakwa chokaa: mawe ya kando ya njia, vigingi vya ua, vishina vya miti, hata kisiki kilichooza kinachongoja kupasuliwa kuni. Barabara itabaki na mashimo yake, zahanati itabaki bila dawa, lakini mawe yatang'aa. Nimeishi huku karibu maisha yangu yote na sijawahi kukutana na mgeni aliyesema amekuja kuangalia mawe.

Nilikuwa darasa la tano wakati ule. Baba alikuwa konstebo katika kituo kidogo cha polisi upande wa Mukurweini, Nyeri, na tuliishi nyuma ya kituo, kwenye nyumba za laini zenye chumba kimoja na pazia katikati. Sisi ni watu wa Bungoma. Majirani zetu wa laini walikuwa wametoka Kisii, Kitui na Busia, na wenyeji walikuwa ng'ambo ya ua, kwenye kahawa yao, migomba yao na ng'ombe wao wa maziwa. Mtu wa laini hapandi kitu ardhini. Mama zetu wote waliishi kwa sheria hiyo bila kuambiwa na yeyote, kwa kuwa nyumba ni ya serikali, udongo ni wa serikali, na uhamisho huja wakati mboga ndiyo kwanza zimeshika. Kwa hiyo kila mlango ulikuwa na shamba lake la makopo. Sukuma wiki iliota kwenye mitungi ya plastiki iliyokatwa, dania kwenye karai lililotoboka, vitunguu kwenye sufuria isiyo na mkono. Ukihamishwa, unapakia shamba lako kwenye lori pamoja na vitanda.

Mama alikuwa na hayo yote, lakini pia alikuwa na debe la mafuta ya kupikia, na ndani yake mlikuwa na kichaka kifupi, kinene, kisichopukutisha majani mwaka mzima. Majani yake yalikuwa mazito, ya kijani iliyokolea, yanang'aa hata siku za ukungu. Wenyeji waliopita walidhani ni mkahawa. Mama Wanjiku, aliyetuletea maziwa kila asubuhi, hakuchoka kumtania mama. "Mama Nekesa, ati huko kwenu kahawa inarimwa kwa debe? Hii yako itatoa kiro ngapi?" Mama alicheka naye, akafunika sufuria ya maziwa, akamjibu, "Si kahawa. Ni maua ya mama yangu." Jina la gadenia nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Kwetu lilikuwa ua la kukhu tu, yaani nyanya yetu, na hakuna aliyehitaji jina jingine.

Kukhu alikuwa na kichaka kikubwa cha ua hilo mbele ya nyumba yake, na mama alituambia kwamba kilipochanua, mtu aliyekuwa akija aliijua nyumba kwa harufu kabla ya kuiona. Kukhu alipofariki, mama alikata kijiti kimoja baada ya mazishi, akakifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, akarudi nacho Nyeri. Hakukawia kupata habari kwamba ndugu zake wameng'oa kichaka chenyewe ili miwa ifike mpaka mlangoni. Hawakumuuliza. Nani amuulize binti aliyeolewa? Tangu siku hiyo kijiti cha kwenye debe ndicho kilichobaki, na mama alikitunza kwa wivu ambao hata sisi watoto wake tuliuonea wivu. Wakati wa baridi alikiingiza ndani jioni na kukiweka karibu na jiko, na sisi tulisogea kukipisha. Makapi ya chai yalikuwa yake. Baba akipangiwa doria huko juu kwenye mashamba ya chai, alitumwa udongo, naye konstebo mzima na bunduki begani alirudi amekumbatia mfuko wa unga uliojaa udongo mweusi. Jivu lilikuwa mwiko. Sukuma ilimwagiwa jivu, lakini mtoto aliyetikisa ungo wa jivu karibu na debe alipata kofi kabla ya kueleza. "Huu mti hautaki jivu, hautaki chokaa, unataka udongo mkali wa chai," mama alisema, akarudia, mpaka tukayajua maneno hayo kama sala ya chakula.

Kwa miaka kadhaa kichaka hakikutoa ua hata moja. Kilinenepa, kikajaza debe, kikatoa majani mapya na kunyamaza. Mama Wanjiku alimshauri akitupe apande viazi. Halafu mwaka ule, mvua ndefu zilipoanza kupungua, mama alituita wote nje asubuhi tukiwa hatujanawa uso. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na matumba, ya kijani, yaliyojisokota. Sikumwona mama akifurahi vile tena, si siku ya harusi yangu, si siku baba alipopandishwa cheo. Alitukataza kuyagusa na hata kuyapumulia. Yalivimba polepole sana, kwa sababu ya baridi yetu, na ncha zikaanza kuwa nyeupe. Mama aliacha kwenda kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa akihofia ua lichanue akiwa hayupo. Alitaka kunusa. Hilo tu. Alikuwa na picha moja ya kukhu iliyofifia mpaka uso haujulikani, na aliamini harufu ile ingemrudishia mama yake, hata kwa dakika chache, hapo kwenye ngazi ya nyumba ya serikali.

Basi ndipo ikatangazwa kwamba mgeni anakuja. Mgeni gani, wa cheo gani, sikuwahi kuelewa vizuri, na nadhani hata mkuu wa kituo hakuelewa, lakini alipagawa. Wanaume wa laini walifyeka nyasi, wanawake walifagia uwanja mpaka vumbi likaisha, watoto tulibeba mawe. Pipa la chokaa lilikorogwa asubuhi hadi jioni. Siku moja kabla ya ugeni, Koplo Gitonga, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikuja na vijana wawili, akasimama mbele ya debe.

"Mama Nekesa, mkubwa amesema tuchukue hii maua yako. Ni ya kuweka kando ya hema. Ati mgeni akishuka aone kitu ya kijani."

"Koplo, hii iko karibu kufungua. Ukiisongesha itaangusha. Chukua ile dania, chukua chochote."

"Dania si maua, mama. Ni siku moja tu. Mgeni akienda, mimi mwenyewe naleta."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na soksi mkononi. Mama alimgeukia. Baba akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani, kwamba mkuu wa kituo ndiye anayeandika majina ya wanaohamishwa, na huko jangwani Mandera hakuna udongo wa chai. Mama aliinama, akakumbatia debe, akalinyanyua na kulitoa kwa mikono yake miwili. Nilimwona. Alilitoa kama mtu anayempa mgeni kikombe, kwa adabu, huku akimweleza Koplo asilishike kwa matawi.

Siku yenyewe tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, tukiimba, tukinyamazishwa, tukiimba tena. Mchana ukapita. Magari yalipofika hatimaye, yalipunguza mwendo kidogo, kioo cheusi kikashuka nusu, mkono ukapunga, kioo kikapanda, msafara ukaendelea kuelekea Nyeri mjini. Hakuna aliyeshuka. Viti vya hema havikukaliwa. Wimbo tuliofundishwa ulikuwa umefika ubeti wa kwanza tu, na mwalimu wetu hakujua kama atusimamishe au atuache tumalize. Tuliumaliza, tukiwaimbia akina Koplo Gitonga.

Mama hakungoja kurudishiwa. Alikwenda moja kwa moja hemani nami nikamfuata. Debe lilikuwa limepakwa chokaa nje, safi kabisa. Shina la kichaka lilikuwa limepakwa chokaa. Na mtu fulani, ambaye mpaka leo natamani kumjua jina, aliona udongo mweusi unaharibu sura, akauchukua uji wa chokaa uliobaki kwenye ndoo na kuumimina juu ya udongo wote ili upendeze. Ulikuwa umeshanywea, umeganda juu mweupe. Mama alipiga magoti kwenye nyasi zile zilizofyekwa kwa ajili ya mtu ambaye hakushuka garini, akaanza kukwangua kwa kucha. Nilimsaidia. Vidole vyetu viliwaka moto usiku kucha.

Alibadilisha udongo wote. Aliosha mizizi kwenye beseni tulilokuwa tukiogea. Baba, bila kuagizwa, aliomba doria ya chai na kurudi na mfuko uliojaa. Lakini matumba yaligeuka rangi ya kahawia na kudondoka moja moja, likiwemo lile lililokuwa limebakiza siku chache kufunguka. Mama aliliokota, akalichana katikati kwa ukucha, akalipeleka puani. Halikuwa na harufu yoyote. Majani yakaanza kugeuka manjano, mishipa ikibaki kijani, na baridi ya Julai ilipoingia mti ukakauka ukiwa ndani, karibu na jiko, mahali pale tulipokuwa tumesogea.

Kitu ambacho sijakisamehe si hata chokaa. Ni kwamba baadaye mkuu wa kituo alimkuta mama bombani akichota maji, akasimama na tumbo lake na fimbo yake, akamwambia, "Mama Nekesa, maua yako ilipendeza sana siku ile. Mgeni aliiona." Aliiona wapi? Aliiona na nini? Na mama yangu akatua mtungi, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Asante, sir." Nilikuwa nimeshika mfuniko wa mtungi. Nilitaka kumrushia usoni. Miaka mingi nilimkasirikia mkuu wa kituo, kisha baba, kisha mama mwenyewe kwa lile neno asante, na sitajidai kwamba hasira hiyo imeisha kwa sababu nimekua.

Siku hizi gadenia si kitu cha ajabu. Ukipita Sagana, wauza miche wamezipanga kando ya barabara kuu kwenye mifuko myeusi, tayari zina maua, na kijana atakupunguzia bei kabla hujaomba. Mimi ninazo kwenye vyungu kibarazani kwangu hapa Nyeri mjini, nazikata zibaki fupi na nene, nazilisha makapi ya chai, na kila mwaka zinachanua. Nilimpelekea mama mche mmoja Bungoma baba alipostaafu. Ulipotoa ua aliinama akanusa, akafikiri, akasema, "Inafanana." Kisha akaenda kuangalia kuku wake. Mtu anaweza kununua gadenia kumi kwa siku moja leo, na hakuna hata moja kati yake iliyotoka kwenye mlango wa kukhu.

Mwezi uliopita ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi la shule ya binti yangu. Mgeni anakuja. Wazazi wenye maua mazuri kwenye vyungu wanaombwa wayalete. Mwalimu wa darasa, ambaye huona kibaraza changu kila akipita, alinipigia mwenyewe. "Mama Tasha, hayo yako meupe yatatutoa aibu. Ni siku moja tu." Nilisema hapana. Akacheka akidhani ni mzaha. Nilirudia kwa sauti iliyomkata kicheko, nikaongeza mengine ambayo hayakumhusu yeye, maskini. Binti yangu alirudi analia kwa kuwa mwalimu alisema mbele ya wenzake kuwa mama yake ni mchoyo. Nilimwacha alie. Nilijua nimemwumiza na bado singetoa hata jani.

Jioni nilimpigia mama nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja aniambie ningepeana tu, mwalimu ni mwalimu, mtoto atapata shida. Badala yake aliguna kwa kuridhika.

"Umefanya vizuri," alisema. "Hata mimi wakati ule nilikataa. Unakumbuka? Koplo alikuja, nikamkatalia."

Nilisimama kibarazani na simu sikioni. Niliiona mikono yake miwili chini ya debe, wazi kabisa, na Koplo akilipokea. Walimchukulia hata neno la kukataa, nikawaza, mpaka amelazimika kujitengenezea lake.

"Nakumbuka, mama," nilimwambia. "Ulikataa kabisa."