Nilimkana Wangari Mbele ya Watafiti

Admin, naomba ufiche jina langu. Na nyinyi wasomaji, mkinitukana mnitukane polepole, nimeshajitukana vya kutosha.

Nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa Endarasha huku Nyeri. Tunalima viazi na karoti. Msichana wangu wa kwanza ana miaka saba, na kwa desturi ya huku alipewa jina la mama mkwe wangu, Wangari. Mume wangu humwita "maitu", yaani mama yangu. Lakini Wangari hana zaidi ya maneno matano, na vifungo vya sweta bado namfungia mimi. Mama mkwe, tunayemwita Shosho, anampenda, nisiseme uongo. Humbeba mgongoni mpaka leo na vile mtoto alivyo mzito.

Mwezi uliopita tuliambiwa watafiti wa chuo kikuu watapita nyumba kwa nyumba wakitafuta watoto wanaochelewa kuongea na kuelewa. Atakayeandikwa atapimwa, kisha mtaalamu atakuwa akimtembelea kwa miaka miwili na kumfundisha. Nilifurahi mpaka nikalia. Miaka yote hii nimekuwa nikibahatisha tu.

Shosho akakataa kabisa. "Wangari ni mimi. Ukiandika hiyo jina, umeandika mimi. Ati mimi ndio niko na akili pungufu? Na hao wajukuu wengine wako na jina yangu, nani atawaoa?"

Nikamgeukia mume wangu. Akasema, "Usiaibishe mama yangu. Ukiandikisha huyo mtoto, urudi kwenu."

Watafiti walipofika, mimi na Shosho tulikuwa uani tukichambua viazi vya mbegu. Dada mmoja akaniuliza kwa upole kama tuna mtoto wa aina hiyo. Shosho akanikazia macho. Nikasema hatuna. Papo hapo Wangari akatoka jikoni, na yule dada akachuchumaa mbele yake.

"Unaitwa nani?"

"Wangari," akajibu, safi kabisa. Ndilo neno analolijua kuliko yote.

Dada akaniangalia. Mimi, mama mzazi, nikasema, "Huyo ni wa jirani. Wangari, enda kwenu." Nikamshika mkono nikamtoa nje ya lango. Hakulia. Alisimama pale akinitazama mpaka wageni wakaondoka.

Sasa mhudumu wa afya wa kijiji, anayemjua Wangari vizuri, amenipigia simu. Orodha inafungwa Alhamisi, na sahihi ya mzazi mmoja inatosha. Nikitia sahihi, ndoa yangu imekwisha. Nisipotia, mtoto wangu amekosa mwalimu wa pekee aliyewahi kumtafuta.

Jana mama wa kuuza mboga alibisha langoni. Wangari aliacha uji wake, akapitia mlango wa nyuma, akaenda kusimama kwa jirani. Hakuna aliyemtuma. Na huyu ndiye wanayesema haelewi.

Mlio na watoto kama wangu, niambieni nifanye nini hiyo Alhamisi. Na nimwambie vipi Wangari kwamba kwao ni hapa?